Uhandisi wa Viwanda na Usimamizi: Istilahi na Utata Wake

Mwanafunzi amalizapo kidato cha sita hana budi kuchagua kozi ya chuo kikuu kabla hajapata kuiona kazi yenyewe. Mara nyingi alicho nacho mkononi ni jina tu. Jina likiwa na utata, uchaguzi nao huwa wa kubahatisha, na miaka ikishapotea hairudi. Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki istilahi za fani moja ambayo utata wake umezidi kiasi, yaani ile inayounganisha uhandisi wa viwanda na usimamizi.

Tumechukua mfano wa Kihonda, katika Manispaa ya Morogoro. Hapo pana viwanda na pana chuo cha VETA, hivyo neno kiwanda si geni kwa mkazi wake. Tena, kijana wa hapo hahitaji kutazama mbali. Chuo Kikuu Mzumbe, mkoani humo humo, kimekuwa kikitoa shahada ya fani hii, pamoja na nyingine ihusuyo uzalishaji na uendeshaji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Kitivo chake cha Uhandisi kilianza mwaka 1973, nacho kina shahada ya uhandisi wa viwanda. Majina rasmi ya shahada hizo ni ya Kiingereza. Lakini mzazi, mwalimu na mwanafunzi wakikaa kushauriana, hushauriana kwa Kiswahili, na hapo kila mmoja hufasiri ajuavyo.

Tuanze na uhandisi wa viwanda. Wengi wakilisikia jina hili hudhani mhandisi huyo hujenga viwanda au hutengeneza mitambo. Kazi hizo zina wenyewe: ya kwanza ni ya mhandisi ujenzi, ya pili ni ya mhandisi mitambo. Mhandisi wa viwanda hushughulika na ulinganifu wa watu, mitambo, malighafi, muda na gharama, ili kazi itoke bila ya upotevu. Huko Marekani, Frederick Taylor, mmoja wa waasisi wa fani hii, alikuwa akipima kwa saa muda wa kila tendo la mfanyakazi. Leo elimu hiyo hutumika hata bandarini na hospitalini.

Je, istilahi hiyo itupwe? Hatuoni hivyo. Neno uhandisi tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Basi anayepima muda na mwendo wa kazi ni mhandisi kwa haki. Kiwanda nacho, kwa matumizi ya zamani, ni mahali popote mafundi wafanyiapo kazi. Waarabu katika kuitaja fani hii hutumia neno lenye asili moja na sanaa yetu. Lakini sisi sanaa tumekwisha kuipa nakshi, ngoma na ushairi, na haifai kuinyang'anya. Istilahi na ibaki, ila ifuatwe na maelezo yake kila inapotajwa kwa mwanafunzi.

Utata wa pili umo katika usimamizi. Dhana hiyo moja imepewa majina mengi: uongozi, utawala, uendeshaji, usimamizi, menejimenti. Mzumbe yenyewe ni ushahidi, kwani chuo kilichoanzishwa hapo mwaka 1972 kiliitwa kwa Kiswahili Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Leo neno lile lile la Kiingereza wengi wangelifasiri kwa usimamizi. Kwa maoni yetu, kiongozi huonyesha njia, mtawala hushika mamlaka, na msimamizi huisimamia kazi mpaka ikamilike. Usimamizi basi ndio unaofaa hapa. Kasoro yake ni kwamba, katika mkoa wenye mashamba ya mkonge, msimamizi humkumbusha mtu nyapara.

Utata wa tatu ndio mkubwa kuliko yote. Kiingereza huweza kupanga majina matatu sambamba bila ya kiungo chochote. Kiswahili hudai kihusishi cha -a, na kila -a ni uamuzi. Mtu akiandika "usimamizi wa uhandisi wa viwanda", je, mhitimu atawasimamia wahandisi, au yeye mwenyewe ni mhandisi? Mfasiri hawezi kujibu kwa kutazama jina tu. Hana budi kuusoma kwanza muhtasari wa masomo. Na jibu lina uzito, kwa kuwa atakaye kutambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi yampasa kujua mapema kama shahada yake inakubaliwa huko.

Tunapendekeza kozi ya fani zote mbili iitwe "uhandisi wa viwanda na usimamizi wa uzalishaji". Na ile isiyo ya uhandisi iitwe "usimamizi wa uzalishaji" tu, ili neno uhandisi lisimpotoshe mtu.

Pengine msomaji atauliza kama haya si mabishano ya maneno matupu. Na akumbuke Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Mitambo ilikuwapo na jengo lilikuwapo. Lakini jengo lile la kuta za alumini halikupitisha hewa ya kutosha kwa joto la Morogoro, na malighafi, vipuri na soko havikulingana na ukubwa wa mitambo. Uzalishaji haukufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Hatusemi kwamba istilahi ingalikiokoa. Tusemalo ni kwamba kazi iliyopungua pale, kazi ya kulinganisha, ndiyo inayofundishwa katika fani hii. Na jina linaloificha kazi hiyo huwafukuza vijana wanaoifaa.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wasimtajie mwanafunzi jina la kozi pasipo kumweleza kazi yake, na wafasiri wasiandike -a hata moja kabla ya kuusoma muhtasari. Wenye mapendekezo bora kuliko haya yetu tunawakaribisha wayalete.