Pasi Iliyokimbia Mstari

Wote tuliiona. Mchezo wa saba wa mfululizo wa mtoano dhidi ya Atlanta Hawks, Juni 20, 2021, Philadelphia 76ers wako nyumbani, wako nyuma 88–86, na zimebaki kama dakika tatu na nusu. Ben Simmons kampa mgongo Danilo Gallinari, kazunguka, kamwacha. Ringi iko wazi mbele yake. Jirani amebaki Trae Young tu, mtu wa mita 1.85 anayetaka kumzuia mtu wa mita mbili na ushee. Hapo hata mchezaji wa timu ya shule, kama kimo kinamruhusu, anadanki bila kuuliza. Simmons akatoa pasi. Matisse Thybulle akaipokea katikati ya msongamano, akafanyiwa faulo, akaingiza mtupo huru mmoja kati ya miwili. Mchezo ukaisha 103–96 na msimu ukaisha nao. Ilikuwa pasi mbaya, na ubaya wake haukuanza usiku ule. Ulianzia kwenye mstari wa mitupo huru, miaka kadhaa nyuma.

Wapo wanaoitetea. Wanasema vitabu vyote vya ukocha vinafundisha mpira apewe aliye huru, na kwamba pasi ile ilileta pointi moja, ilhali Simmons kwa kiwango chake cha mtoano angetarajiwa kuvuna theluthi mbili za pointi katika mitupo miwili. Hesabu hiyo ni sahihi kwa swali lisilohusika. Danki haipimwi kwa mitupo huru. Mpira ulikuwa mkononi mwake na ringi ilikuwa juu yake. Hizo zilikuwa pointi mbili, na faulo ingekuwa nyongeza. Pasi njema humpelekea mpira mtu aliye mahali pazuri kuliko wewe, na Thybulle hakuwa mahali pazuri zaidi kwa lolote isipokuwa moja: kama angefanyiwa faulo, mstarini angekwenda yeye. Yaliyomo moyoni mwa Simmons anayajua mwenyewe, lakini namba zinaeleza vya kutosha. Katika mfululizo ule aliingiza mitupo 15 kati ya 45. Mchezo wa tano, Hawks walipokuwa wakimpeleka mstarini kwa makusudi, alipata 4 kati ya 14, na Sixers wakapoteza uongozi wa pointi 26. Katika robo za nne za michezo yote saba alijaribu kufunga mara tatu tu. Usiku ule wa mwisho alitoa pasi 13 za mabao, na ulinzi wake ulikuwa wa daraja la kwanza. Hilo halina ubishi.

Sasa tazama ukuaji wake. Misimu minne ya kwanza aliyocheza, kiwango chake cha mitupo huru kilikuwa asilimia 56, 60, 62, kisha 61. Kijana aliingia ligi ana kasoro, na baada ya miaka minne kasoro iko palepale, imechanwa nywele tu. Mlinganishe na Karl Malone, ambaye wengi wanamkumbuka kwa ile minong'ono yake ya kabla ya mtupo na kusahau alikotoka. Msimu wake wa kwanza, 1985–86, alikuwa na asilimia 48, chini kabisa ya Simmons. Uliofuata karibu 60, kisha 70, kisha 77. Jambo ambalo makocha wa vijana wanapaswa kulibandika ukutani ni kwamba katika muda huohuo idadi ya mitupo yake ilipanda kutoka 405 hadi 918 kwa msimu. Hakungoja kwanza apone ndipo aende mstarini. Alipona kwa kwenda. Wahenga walishasema mficha uchi hazai.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba tatizo la Simmons ni la kichwani, basi apewe moyo na aongezewe kujiamini. Neno hili kujiamini limekuwa kichaka cha makocha wavivu. Ni kweli kwamba mkono ule ule uliotupa asilimia 61 msimu wa kawaida ulitupa 34 katika mtoano, na ni kweli kwamba mitupo 73 si mingi. Lakini woga hauleti kasoro mpya. Huikuta iliyopo na kuipanua. Mtupo huru ndio peke yake katika kikapu usio na mlinzi: umbali ni mita 4.57, ringi ni ya sentimita 45, mpira hata 25 haufiki, na hakuna kinachosogea. Ufundi ukiwa imara, akili iliyotikisika ina mahali pa kushika. Ufundi ukiwa legelege, hotuba ya kutia moyo haisaidii kitu refa anapokupa mpira na watu elfu ishirini wakiguna. Ndiyo maana mazoezi yale ya kutupa mia moja mfululizo, mwili umepoa na wenzako wanavua viatu, ni kupoteza muda. Mechini hakuna anayetupa mia. Anatupa miwili, akihema. Basi mkimbize kijana, mpe miwili, mkimbize tena, na andika matokeo ya mtupo wa kwanza peke yake, maana huo ndio unaotupwa kabla mkono haujapata kipimo.

Na kama mkono wenyewe umekataa, badilisha mtindo. Hapa wasomaji wa safu hii wanajua ninakoelekea: mikono miwili, kutoka magotini, kama alivyotupa Rick Barry. Mikono hufanya kazi sawasawa, kiwiko na kiganja kimoja haviachiwi mzigo wote, na mpira hushuka laini ukizunguka kinyumenyume. Msimu wa 1978–79 Barry alitupa 169 akakosa tisa. Wilt Chamberlain alijaribu mtindo huo, na Machi 2, 1962, usiku wa pointi zake 100 pale Hershey, aliingiza 28 kati ya 32. Msimu ule alimaliza na asilimia 61.3, namba ileile hasa aliyoipata Simmons msimu wa kawaida wa 2020–21. Baadaye Wilt aliuacha kwa sababu aliona unamfanya aonekane kama mwanamke, jambo alilokiri mwenyewe kuwa kosa, na kufikia 1967–68 alikuwa ameporomoka hadi 38. Wanaosema mtindo huo unamwaibisha kijana waseme pia aibu ipi ni kubwa: kutupa kwa namna ya kuchekesha, au kuikimbia ringi iliyo wazi.

Kuna pingamizi moja zito, nalo ni Giannis Antetokounmpo. Mwezi mmoja baada ya pasi ile, mtupaji wa asilimia 68, mwenye matayarisho marefu hadi mashabiki wakamhesabia sekunde kwa sauti, aliingiza 17 kati ya 19 katika mchezo wa sita wa fainali, akafunga pointi 50 na kuipa Milwaukee taji. Hakuhitaji magoti ya Barry. Sina mapenzi na utaratibu wake, unachosha kuutazama, lakini ulikuwa wake, hakuubadili walipomzomea, na kubwa zaidi hakuacha kushambulia ringi hata siku alizokosa. Kwa hiyo mtindo unajadilika. Kisichojadilika ni kwenda mstarini. Kocha anayempumzisha kijana wake kila dakika tano za mwisho ili asifanyiwe faulo anadhani anamlinda. Anamfundisha ile pasi.