Nambari Bila Fomu

Mliitazama tovuti ya matokeo ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, usiku wa uchaguzi wa Agosti 8, 2017, kwa hivyo sina haja ya kuwaelezea chati zile. Wadi yetu ya Kondele, Kisumu, haikulala, kila mwenye simu alikuwa akiifungua upya kila dakika. Nataka tuushike uamuzi mmoja uliofanywa kabla chati hazijaonekana: kuiacha tovuti ya umma isome nambari moja kwa moja kutoka kwenye kanzidata hata pale ambapo picha ya Fomu 34A, fomu ya matokeo ya kituo, haijafika. Uamuzi huo ulikuwa kosa la kitaalamu, na ulikuwa kosa hata kabla ya kura ya kwanza kupigwa.

KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha kila kituo, kilitakiwa kutuma vitu viwili: nambari alizochapa msimamizi wa kituo, na picha ya fomu iliyotiwa saini mbele ya mawakala. Nambari ni nyepesi, hupenya hata mtandao ukiwa hafifu. Picha ni nzito. Tume yenyewe ilitangaza mapema kwamba vituo zaidi ya 11,000, kati ya 40,883, havikuwa na mtandao wa 3G wala 4G. Basi aliyeuchora mfumo alijua kwamba nambari zingetangulia na picha zingebaki nyuma. Dawa yake inajulikana na kila anayeunganisha tovuti na kanzidata: nambari na picha ziwe rekodi moja, ziingie pamoja au zisiingie. Pale picha inapokosekana, tovuti iandike kwamba kituo hakijawasilisha, basi. Hilo ni sharti la mstari mmoja. Badala yake tukapewa jumla inayopanda bila ushahidi, sawa na muuza omena wa soko la Kondele kukutoza kabla hajaijaza gorogoro.

Wapo wanaosema nchi isingevumilia skrini tupu. Siwakubali. Skrini inayosema "bado" humtuliza mtu kuliko nambari asiyoweza kuikagua. Tazameni kura zilizokataliwa: tovuti ilionyesha zaidi ya 400,000, lakini tangazo rasmi la Agosti 11 likataja 81,685. Pengo kama hilo lingeonekana papo hapo kama kila nambari ingekuwa na fomu yake pembeni. Na halikuwa jambo geni. Mwaka 2013 kura zilizokataliwa zilivimba kwenye skrini za Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura, na tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara 8. Nililalamika wakati huo na nitazidi kulalamika: somo lilikuwa wazi, halikusomwa.

Matokeo yalipopingwa katika Mahakama ya Juu, upande wa tume ulidai kwamba nambari za tovuti zilikuwa takwimu tu, wala si matokeo. Kama hazikuwa matokeo, kwa nini zilionyeshwa chini ya majina ya wagombea mbele ya taifa zima? Majaji walipoagiza seva zifunguliwe kwa kusoma tu, agizo halikutimizwa ipasavyo, na Septemba 1 uchaguzi wa rais ukafutwa kwa majaji 4 dhidi ya 2. Kanzidata inayohudumia umma inapaswa kuwa na nakala ya kusoma tu tangu siku ya kwanza, pamoja na kumbukumbu za nani aliingia na akafanya nini. Mambo haya hayangojwi hadi jaji aamuru.

Uwazi huo si mgeni kwetu. Januari 2008, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia waliijenga Ushahidi, tovuti ya kuripoti ghasia za baada ya uchaguzi kwenye ramani, kwa siku chache, nchi ikiwaka. Hawakuwa na mabilioni ya serikali. Lakini kila taarifa kwenye ramani yao ilibeba mahali na tarehe yake, na walihangaika kuithibitisha. Na Chris Msando, msimamizi wa teknolojia wa tume aliyeuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa 2017, alikuwa tayari kusimama mbele ya kamera na kueleza jinsi vifaa vinavyofanya kazi. Uwazi wa aina hiyo haununuliwi Ufaransa, vilikonunuliwa vifaa.



Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu wazi kwa kila mtu, hatua njema. Lakini nambari hazikuandamana nazo. Vyombo vya habari vikazichapa kwa mkono, kila kimoja na jumla yake, na wasiwasi ukarudi. 2017 tulipewa nambari bila fomu. 2022 fomu bila nambari. Hatujawahi kupewa vyote viwili kwa pamoja.

Agosti 2027 haiko mbali. Tume iunganishe nambari na fomu katika rekodi moja, ili mtu akitafuta "Kondele" apate kila kituo cha wadi hii, hesabu yake na fomu yake ubavuni. Ikishindwa kufanya hivyo, isionyeshe nambari yoyote.