Maji Kabla ya Moto: Uchambuzi wa Karamu ya Arua na Koboko

Mgeni aalikwaye katika nyumba za Arua au Koboko, huko kaskazini-magharibi mwa Uganda karibu na mahali inapokutana mipaka ya Kongo na Sudani Kusini, aghalabu huandaliwa enyasa, yaani ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na wa ulezi au wa mtama, pamoja na mchuzi wa samaki angara ulioungwa kwa karanga au ufuta, na baada ya hayo, iwapo mwenye nyumba amejaaliwa wasaa, kashata za ufuta na asali. Wageni wakishiba huusifu moto wa mpishi; walakini atakayezichunguza hatua hizo moja moja atabaini ya kuwa moto hufanya sehemu ndogo tu ya kazi, na ya kwamba ustadi hasa umo katika kuyatawala maji: kuyatia kwa wakati wake, kuyapima, na mwishowe kuyaondoa.

Tuanze na muhogo, kwa kuwa ndio msingi wa karamu na ndio wenye hatari. Muhogo mchungu una ndani yake kitu kiitwacho linamarini, kilichohifadhiwa katikati ya chembe zake, ilhali kimeng'enya chenye uwezo wa kukivunja kimekaa katika kuta za chembe hizo hizo, na viwili hivyo havikutani maadamu mzizi ni mzima. Mizizi ikimenywa, ikakatwa, kisha ikalowekwa siku tatu au nne hata ikalainika na kuchachuka, kuta hubomoka na kimeng'enya hufanya kazi yake. Na sianidi itokayo hapo, ambayo huchemka kwa nyuzi 26 hivi za Selsiasi, hupotea majini, au huruka hewani muhogo unapoanikwa. Adhaniye ya kuwa sufuria ichemkayo itatimiza yaliyoachwa na maji hukosea sana, kwani joto hilo hukiharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, ilhali linamarini yenyewe hustahimili mchemko, ikabaki katika ugali mpaka ikaingia tumboni mwa mlaji.

Kwamba jambo hili si nadharia tupu kulidhihirika Septemba 2017 katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ulipozuka ugonjwa wa sumu ya sianidi kutokana na unga wa muhogo, na miongoni mwa walioanza kugundulika wakiwamo watu waliokula pamoja mazishini. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 98, na wawili kati yao walifariki. Walaji wale hawakula muhogo mbichi. Walikula ugali uliosongwa motoni kama desturi, na moto haukuwafaa kitu.

Unga ukiisha kuwa salama, kuusonga ni kazi ya dakika chache, lakini nayo ina hesabu yake. Wanga wa muhogo ukikutana na maji ya moto huvimba na kunata, hata ugali wa muhogo mtupu huvutika kama ulimbo. Ulezi ndio unaoupunguzia mnato huo, ukaupa rangi ya udongo na ukali kidogo wa ladha. Maji yakizidi, enyasa haishikiki tongeni. Yakipungua, hubaki madonge yenye unga mkavu ndani.

Mchuzi wa angara nao huanza kwa maji kabla ya kufika mekoni. Samaki huyu, avuliwaye katika Ziwa Albert na kuuzwa katika magulio kama la Panyimur, hufika Arua akiwa ametiwa chumvi na kukaushwa juani. Kwa hiyo hulowekwa katika maji ya uvuguvugu, huoshwa mara kadhaa ili chumvi na mchanga vitoke, kisha hutolewa miiba, ambayo kwake ni mingi. Rojo la karanga au la ufuta, lililosagwa hata mafuta yakachomoza, halitupwi moja kwa moja katika mchuzi utokotao, maana litagandamana. Huzimuliwa kwanza bakulini kwa maji kidogo kidogo, likikorogwa mfululizo, mpaka mafuta na maji yashikamane na kuwa kitu kimoja kizito cheupe. Likiisha kumiminwa chunguni, moto hupunguzwa, kwa sababu mchemko mkali huyatenga tena yale mafuta yakaelea juu. Chumvi huonjwa mwisho kabisa, kwa kuwa samaki ameingia nayo.

Katika kashata kazi hugeuka, nayo ni kuyafukuza maji. Ufuta hukaangwa bila mafuta, kwa moto wa wastani, hata uanze kupasuka na kutoa harufu, kisha huepuliwa upesi usije ukawa mchungu. Asali iliyoiva huwa na maji yasiyofika, kwa kawaida, sehemu moja katika tano za uzito wake, na hayo yatosha kuifanya kashata isigande. Hivyo huchemshwa pole pole mpaka tone lake likidondoshwa katika maji baridi ligande papo hapo. Hapo hutiwa ufuta, na mikono iliyoloweshwa kidogo hufinyanga vidonge kabla havijapoa. Miezi ya mvua, ambayo huko ni mingi, hewa huvirudishia maji, navyo hulainika na kunata, ndiyo maana huhifadhiwa katika chombo chenye kifuniko cha kubana.

Imebaki hali ya mwenye kununua unga sokoni asijue ulilowekwa siku ngapi. Howard Bradbury, mkemia wa Australia, alionyesha njia nyepesi: unga huloweshwa kwa maji, hutandazwa katika tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1, huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha husongwa siku hiyo hiyo; maji hukiamsha kimeng'enya kilichobaki, na sumu ikaruka kabla ya kufika chunguni. Basi mwenye kualika watu kwa muhogo wa shamba lake aanze wiki nzima kabla ya karamu, na mwenye unga wa sokoni aanze asubuhi ya siku yenyewe; kwani atakayeanza kwa kuwasha moto amekwisha kuchelewa.