Altezza ya Mwakitolyo na Volvo ya Maili Milioni Tatu

Shimo la dhahabu, yaani duara, likitema Mwakitolyo, Shinyanga, kijana aliyeondoka na mgao mzuri mara nyingi hatafuti pikapu. Anatafuta Altezza, Subaru Impreza au Crown Athlete, nyeusi ikipatikana, na spika za kutosha nyuma. Dalali anamwonyesha dashibodi: kilomita 118,000. Fundi aliyeitwa kukagua anatikisa kichwa. "Mdogo wangu, injini za spoti hazina uzee. Ikigonga laki mbili imekwisha." Dalali na fundi wanabishana juu ya namba ileile, na namba yenyewe haiwaambii karibu chochote.

Simaanishi mchezo wa kurudisha kilomita nyuma, ingawa upo na kila mnunuzi anaujua. Hata namba ikiwa ya kweli kabisa, kilomita hupima barabara. Kinachoila injini ni mizunguko ya krenki, idadi ya mara ilizowashwa ikiwa baridi, hali ya oili, na vumbi lililopenya kwenye chujio la hewa.

Injini ya gari dogo iliyoenda mbali kuliko nyingine zote zenye rekodi ya kuaminika ni ya gari la spoti. Mwaka 1966 mwalimu wa sayansi wa New York, Irv Gordon, alinunua Volvo P1800S mpya, gari la milango miwili lililotengenezwa kwa ajili ya watu wenye haraka. Mwaka 1987 lilifikisha maili milioni moja. Septemba 2013, likiwa Alaska, lilifikisha maili milioni tatu, sawa na kilomita milioni 4.8. Gordon alifariki mwaka 2018, na hadi miaka yake ya mwisho alikuwa bado analiendesha. Kwa fundi, namba tamu zaidi ni nyingine: injini yake ilifunguliwa kwa ovaholi ya kwanza baada ya maili 680,000, yaani karibu kilomita milioni 1.1.

Injini hiyo inaitwa B18, na Afrika Mashariki inaifahamu. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekulia kwenye gereji ya baba yake, alishinda mbio za magari za East African Safari pamoja na mdogo wake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 yenye B18. Gari halikuwa jipya. Lilikuwa limeshashindanishwa na timu ya Volvo kwenye Safari ya mwaka uliotangulia, likabaki huku, wao wakalichukua na kuliandaa. Gari chakavu kwa macho ya tajiri likawashinda wenye magari mapya kwenye matope na vumbi. Joginder alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, lakini ushindi wa kwanza ndio unaotuhusu hapa.

Ukiifungua B18 huoni muujiza. Ni silinda nne, ujazo wa lita 1.8, bloku ya chuma cha kutupwa. Siri ipo chini: krenki yake imeshikwa na beringi kubwa tano, moja kila upande wa kila konrodi, wakati injini nyingi za silinda nne za enzi zake ziliridhika na tatu. Krenki iliyoshikwa hivyo haipindi ikisukumwa, na isipopinda, utando wa oili kati ya chuma na chuma haukatiki. Volvo walijenga chini pa kubebea nguvu nyingi, kisha juu wakadai nguvu kiasi, farasi mia na kidogo tu. Hiyo akiba ndiyo Gordon aliyoila kwa miaka hamsini.

Mtetezi wa fundi wetu atasema Altezza si Volvo. Kweli. Altezza RS200, iliyoingia sokoni 1998, ina injini ya 3S-GE ambayo Toyota waliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha: lita 2, farasi 210 kwa gari la gia za mkono, na farasi hao wanapatikana kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Kwenye mzunguko huo pistoni inapanda na kushuka kwa wastani wa mita karibu 22 kwa sekunde. Mvutano unaozivuta konrodi hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko, kwa hiyo kutoka 3,000 hadi 7,600 mzigo haupandi mara mbili na nusu. Unapanda zaidi ya mara sita. Anayeishi kwenye alama nyekundu anaikopa injini kwa riba kubwa.

Lakini shusha hadi mizunguko 2,800, mwendo wa kawaida wa safari, upige hesabu upya. Pistoni ya Altezza inakwenda mita 8 kwa sekunde. Ya Volvo ya Gordon, kwenye mizunguko 3,000, ilikwenda mita 8 vilevile. Bloku ya 3S nayo ni ya chuma cha kutupwa, na ndugu yake mwenye tabo alishinda Safari ndani ya Celica GT-Four mwaka 1990, kisha kuanzia 1992 hadi 1995 mfululizo, ule wa 1994 ukiendeshwa na Mkenya Ian Duncan. Sitaki kulitia chumvi hili: injini ya mashindano hufunguliwa na kutengenezwa upya kila mara, haihesabiwi kwa uzee. Inatuonyesha tu kwamba mifupa ya injini hiyo si dhaifu. Kuitwa ya spoti hakuifupishii maisha. Kinachopungua ni uvumilivu wake kwa mwenye gari mzembe.

Tatizo liko kwenye hesabu ya muda. Tuseme Gordon, kwenye barabara kuu za Marekani, alikwenda wastani wa kilomita 80 kwa saa. Zile kilomita milioni 1.1 kabla ya ovaholi ni saa karibu 13,700 za kazi. Sasa chukua gari linalozunguka kati ya Mwakitolyo, Solwa na vijiji vya migodini: mashimo, makorongo, ng'ombe barabarani, kusubiri abiria, kusimama nje ya baa injini ikinguruma ili muziki usile betri. Wastani wa kilomita 20 kwa saa ni wa huruma. Kwa mwendo huo, saa 13,700 zinatimia kwenye kilomita 274,000. Injini iliyokufa Mwakitolyo ikiwa na laki mbili na sabini, ambayo fundi anaitoa kama ushahidi wa ubovu, imefanya kazi saa zilezile za injini ya Gordon kabla ya ovaholi.

Na hizo ni saa tu. Kwa mizunguko 3,000 kwenye gia ya juu, ukikimbia kilomita 90 kwa saa, krenki inazunguka mara 2,000 kwa kila kilomita. Kwa mizunguko ileile kwenye gia ya kwanza, ukijikokota kilomita 15 kwa saa kwenye tope la masika, inazunguka mara 12,000. Dashibodi inaandika kilomita moja kote kuwili. Isitoshe, Gordon alikuwa akiendesha kama kilomita 200 kwa siku kwenda kazini na kurudi, kwa hiyo kila akiwasha, injini ilipata joto lake na kukaa nalo saa nzima. Gari la migodini linawashwa asubuhi kwenda kununua vocha.

Nije kwenye vumbi, maana hapa Mwakitolyo ina balaa ambalo New York ya Gordon haina. Dhahabu ya ukanda huu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, imejificha sana kwenye miamba ya kwatsi. Wachimbaji wanatoa mbale, yaani mawe yenye dhahabu, makarasha yanazisaga mchana na usiku, na unga unapanda hewani, unatua barabarani, malori yanauinua tena. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ya Mwadui inakaa kwenye 10, kwatsi inakaa kwenye 7. Chuma cha kuta za silinda kiko chini kabisa ya hapo. Injini ya lita 2, ikiendeshwa bila pupa, inavuta yapata lita 1,000 za hewa kwa dakika. Kwa saa moja ni hewa ya kujaza chumba cha mita tano kwa nne chenye dari ya mita tatu. Chembe inayopenya inaingia kwenye utando wa oili kati ya ringi na ukuta wa silinda na kuugeuza kuwa msasa.

Ndiyo maana siwaelewi wanaopuliza chujio la hewa kwa kompresa kila wiki kisha wanalirudisha kwa fahari. Upepo mkali unapanua matundu ya karatasi. Chujio linaonekana safi kwa sababu sasa linapitisha kila kitu. Baya zaidi ni vijana wanaotoa boksi lote la chujio na kufunga kile cha wazi chenye umbo la koni ili injini "ipumue" na sauti inoge. Celica za Safari zilifungiwa bomba la kuvuta hewa lililopanda pembeni mwa kioo cha mbele, juu, mbali na maji na vumbi zito. Wale walikuwa na bajeti ya kiwanda na mafundi kila kituo, na bado waliliogopa vumbi.

Halafu kuna thamostati. Ukanda mzima wa Ziwa utawakuta mafundi wanaoitoa na kuitupa, kwa hoja kwamba huku ni joto, gari litachemsha. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuiweka hapo. Bila hiyo, hasa kwenye safari fupi, injini inafanya kazi ikiwa vuguvugu: petroli isiyoungua inateremka ukutani na kuizimua oili, unyevu haukauki, tope linajengeka kwenye kifuniko cha oili. Gari likichemsha, mara nyingi kosa liko kwenye maji yenyewe. Maji ya kisima yenye chumvi yakimiminwa kwenye rejeta badala ya kulanti yanaacha ukoko kwenye njia nyembamba na kula silinda hedi ya aluminiamu. Gasketi ikiungua, anayelaumiwa ni Mjapani.

Crown Athlete ya V6 yenye petroli inayopigwa moja kwa moja kwenye silinda nisingeipeleka Mwakitolyo hata kwa zawadi: valvu zake za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, kaboni inagandia, na oili inaanza kupungua bila kuvuja popote. Subaru ya tabo inasamehe kidogo kuliko zote. Oili ikipungua sana ikiwa mlimani, beringi za konrodi zitakugongea. Kama kijana lazima awe na Altezza, achukue AS200 ya silinda sita, injini ya 1G-FE, farasi 160. Ni ya kivivu zaidi, na kwa barabara hizi uvivu ni sifa.

Kabla ya kulipa, aache dashibodi. Afungue bomba la hewa baada ya chujio, apitishe kidole ndani. Kikitoka na unga, hakuna bei nzuri ya injini hiyo. Afungue kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Moshi ukipumua kwa mapigo, ringi zimechoka. Apime kompresheni silinda moja baada ya nyingine, na aogope zaidi tofauti kati ya silinda kuliko namba yenyewe.

Na oili. Gordon alibadilisha kila maili 3,000 hadi 3,500, yaani hadi kilomita kama 5,600, sawa na saa 70 za barabara kuu. Kibandiko cha gereji zetu kinasema kilomita 5,000, nasi tunajiona tumemzidi kwa uangalifu. Kwa kilomita 20 kwa saa, hizo 5,000 ni saa 250, na za vumbi la kwatsi. Mimi ningemwaga kwenye 2,500, na kwa gari linalolala baani likinguruma, mapema zaidi. Mwenye karasha la dizeli hahitaji kuelezwa haya. Mashine yake haina dashibodi ya kilomita, kwa hiyo oili yake anaihesabia saa na siku za kazi, na mtu huyohuyo akishuka pale anapanda Altezza yake iliyoegeshwa mita thelathini kutoka kwenye unga ule na kusema bado ina kilomita elfu mbili.