Pongezi kwa wapimaji wa Kilwa

Wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town wanastahili pongezi. Kwa miale ya leza na picha walipima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, wakayaumba upya ndani ya kompyuta, hata mtu aliye Kigoma au Maskati aweze kuutazama Msikiti Mkuu, nguzo kwa nguzo, bila kupanda mashua. Wapo wasemao kwamba picha si jengo. Ni kweli, ubaridi wa kuta za matumbawe na chokaa haupiti kwenye kioo. Lakini bahari inaumega ufuo wa Kilwa, na jumba la Beit al-Ajaib la Unguja liliporomoka sehemu yake Desemba 2020. Ukuta ukianguka, vipimo sahihi ndivyo vitakavyomwongoza fundi atakayeujenga tena. Hoja nzito zaidi ni ya umiliki, nami naiunga mkono: hazina hii isiishie kwenye kompyuta za vyuo vya mbali. Wizara na makumbusho yetu, hakikisheni shule za Kilwa zinaipata kwanza, tena kwa Kiswahili.