Sifa za Kifuniko Kisichofunguliwa

Kuna maneno yanayorudiwa sana siku hizi: kwamba wali wa presha kuka ya umeme hauna mpishi. Mtu ametia mchele, ametia maji, amebonyeza kitufe, akaenda zake sebuleni. Ufundi uko wapi? Wengi wanaosema hivyo wanaupenda wali kwelikweli, na hofu yao naiheshimu. Wanaogopa kwamba maarifa ya mama zetu na bibi zetu yatazikwa chini ya kitufe. Nimekitumia chombo hiki kwa muda mrefu, na ninachokiona jikoni ni kinyume cha hofu hiyo. Presha kuka inamdai mpishi ujuzi ule ule, na pengine zaidi, ila inamdai mapema.

Wali wa sufuria juu ya mkaa hupikwa kwa kusahihisha. Mpishi hufunua, huchungulia, huonja punje mbili tatu. Akikuta kiini bado kigumu, hunyunyiza maji ya moto. Maji yakizidi, huacha wazi yakauke. Yakishakauka, hupunguza moto chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Kosa la mwanzo hupata nafasi ya kutengenezwa njiani. Presha kuka haina nafasi hiyo. Kifuniko kikishabana na mvuke ukishajaa, hakifunguki mpaka kazi iishe. Lolote analolijua mpishi kuhusu mchele ule lazima awe amelitumia kabla ya kufunika. Huo ndio ufundi ninaousifu hapa: ufundi wa kumaliza kufikiri kabla moto haujaanza.

Na mchele una mengi ya kufikiriwa. Mchele mpya, ambao mpunga wake umetoka shambani msimu huu, bado una unyevu wake. Hutaka maji machache na hunata upesi. Uliokaa ghalani miezi mingi umekauka, unakunywa zaidi, na punje zake huachana vizuri. Mchele wa Kyela husifiwa kwa harufu, kama pishori ya Mwea inavyosifiwa kule Kenya. Basmati ya Pakistan na India ni ndefu na kavu, ndiyo maana wapishi wa biriani huikimbilia. Tofauti hizi zimo ndani ya punje: wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Mchele wenye amilosi nyingi huchambuka, na wenye amilopektini nyingi hunata. Mpishi hahitaji kuyajua majina hayo. Anahitaji kumuuliza muuzaji sokoni swali moja kabla ya kulipa: mchele huu ni mpya au wa zamani? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua maji.

Kazi yenyewe huanzia kwenye ungo. Mchele wetu wa sokoni bado unataka kupepetwa na kuchambuliwa, chuya na vijiwe vitoke. Kisha uoshwe, umwagwe maji, uoshwe tena, mpaka maji yaache kuwa meupe kama maziwa. Weupe ule ni unga wa wanga uliosuguka kutoka kwenye punje wakati wa kukoboa na kusafirisha. Kwenye sufuria ya kawaida hugeuka povu, likainua kifuniko na kumwagikia jikoni, na madhara yake huishia hapo. Kwenye presha kuka povu hilo hupanda hadi kwenye vali na kuweza kuiziba, na vali ndiyo njia ya usalama ya chombo kizima. Kwa sababu hiyo mchele na maji yake visizidi nusu ya sufuria ya ndani, na kijiko cha mafuta kitiwe ili kulituliza povu. Ukishaosha, chuja vizuri, kwa kuwa maji yanayobaki kwenye mchele nayo ni maji ya kupikia.

Halafu kipimo, na hapa ndipo ninapovutiwa zaidi. Bibi zetu walipima kwa kidole: maji yasimame juu ya mchele kwa pingili moja, uwe unapika kibaba au pishi nzima. Wapo wanaokidharau kipimo hicho kwa kuwa hakina namba. Kumbe kimebeba akili kubwa. Mchele wenyewe huhitaji kunywa maji yanayokaribia ujazo wake. Yanayozidi hapo ni ya kupotea kwa mvuke, na mvuke hutegemea upana wa mdomo wa sufuria na muda wa kuchemka kuliko wingi wa mchele. Ile pingili, basi, ilikuwa akiba ya mvuke, ndiyo maana haikuhitaji kubadilika sana mchele ulipoongezeka. Presha kuka imeufungia mvuke ndani. Kinachopotea ni kidogo mno, kwa hiyo akiba ile haina kazi tena, na kipimo kinakuwa kikombe kwa kikombe: kikombe cha mchele kwa kikombe cha maji, au kimoja na robo ikiwa mchele ni mkavu au unataka wali laini. Ukipika mara tatu ya mchele, tia mara tatu ya maji. Anayekuja na kipimo cha mkaa, vikombe viwili kwa kimoja, atafunua akute mashendea. Aliyeielewa pingili ya bibi ataelewa pia kwa nini ameiacha.

Ndani ya kifuniko kilichobana, joto nalo hubadilika. Maji yanayochemka kwenye sufuria ya wazi Dar es Salaam, usawa wa bahari, hayavuki nyuzi 100 za Selsiasi hata ukiyachochelea moto namna gani. Kila unapopanda takriban mita 300, kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi moja. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au pungufu kidogo ya 95, na Nairobi hali ni hiyo hiyo. Presha kuka ya umeme ya kawaida huongeza mgandamizo wa karibu kilopaskali 70 juu ya ule wa hewa ya nje. Huku pwani maji yake hufika nyuzi 115 hivi, na Mbeya huvuka 110. Wazo hilo ni la zamani: Mfaransa Denis Papin alilionyesha London mwaka 1679, kwa chungu cha chuma kilicholainisha hata mifupa, na ni yeye aliyekibunia vali ya usalama. Kwa mchele mweupe, dakika 4 au 5 za presha zinatosha. Usiokobolewa hutaka zaidi ya 20.

Dakika hizo zikiisha jiko hulia, na hapo ndipo mpishi anapopimwa. Mwenye pupa hukimbilia vali autoe mvuke wote kwa mkupuo. Lakini maji yaliyo ndani ya kila punje bado yana joto la zaidi ya nyuzi 100. Mgandamizo ukiondoka ghafla huchemka papo hapo, punje zikapasuka, na povu likarukia vali. Mwache atulie. Kwa dakika 10 hivi mvuke hupungua wenyewe, na unyevu uliojaa nje ya punje hupenya mpaka kwenye kiini. Hata umeme ukikatika wakati presha imeshapanda, ushauri wangu ni huo huo: usifunue, joto lililofungiwa litaendelea na kazi. Kisha fungua, chukua mwiko, inua wali kutoka pembeni kuelekea katikati, taratibu, mvuke uliobaki utoke. Punje zinasimama moja moja. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wali wa nazi hutaka busara zaidi, na Mswahili anayo tayari. Tangu zamani tumetenga tui jepesi na tui zito. Kwenye presha kuka, tui jepesi lihesabiwe kama maji na lipikie mchele. Tui zito lina mafuta na chembechembe nyingi zinazotuama chini na kushika moto, na jiko likihisi joto limezidi hapo chini hukatiza kazi. Basi tui zito lisubiri. Litiwe wali ukishaiva na kifuniko kikishafunguliwa, ligeuzwe kwa upole, jiko liachwe kwenye joto la kutunzia chakula mpaka wali ulinywe.

Mkaa una haki zake, nami sizikatai. Ukoko wa sufuria iliyopaliwa makaa juu na chini haupatikani kwa kitufe, na wanaoupenda wana sababu. Lakini kuni na mkaa ndivyo vinavyopikia kaya nyingi za Tanzania hadi leo, na anayevuta moshi wake kila siku ni mpishi, mara nyingi mama mwenye mtoto mgongoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Lengo hilo litasimama au kuanguka kwenye chakula cha kila siku. Jiko la wati 1,000 likiwaka dakika 12 mfululizo hula uniti 0.2 ya umeme wa LUKU, na wali wa familia hauhitaji zaidi sana ya hapo, kwa kuwa presha ikishapanda jiko huwaka na kuzima tu ili kuitunza.

Hata hivyo, umeme peke yake haumfanyi mtu mpishi. Kijana atakayenunua presha kuka bila kujua kuchambua, kuosha, na kutofautisha mchele mpya na wa zamani, atapika bokoboko kwa kasi na usafi mkubwa. Kwa hiyo msomaji wangu, ukimpelekea mama au bibi jiko hili kama zawadi, usimwambie kwamba sasa amepumzika kupika. Keti naye jikoni, muulize anavyoujua mchele kwa kuushika na kuunusa, kisha mtafute pamoja kipimo chake kipya. Yeye anaijua punje, wewe unakijua kitufe, na wali unawahitaji wote wawili. Wala msiseme tena kwamba wali huo hauna mpishi. Anaye, na alimaliza kazi yake kubwa kabla ya kufunika.