Panakota Inayosimama Saa Nzima

Katika harusi za Dar es Salaam siku hizi, panakota inayosifiwa ni ile iliyopangwa mezani kabla bibi harusi hajaingia, na mpaka keki inakatwa bado imesimama wima, kingo zake kali kama za tofali. Wageni wanapiga picha. "Imeshika!" wanasema, na mpishi anapata oda tatu papo hapo.

Imeshika kweli, na kasoro yake ni hiyo hiyo.

Jelatini inayoigandisha panakota huyeyuka kwenye nyuzi joto 30 na ushei, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana panakota ya haki humalizikia ulimini bila kutafunwa. Ukumbi usio na kiyoyozi mwezi Februari hufika nyuzi 32. Kitindamlo kinachokaa humo saa nzima bila hata kutoa jasho kimezidishiwa unga wa jelatini, au si jelatini kabisa bali ni aga, ambayo haiyeyuki mpaka karibu nyuzi 85. Wapo wapishi wa karamu wanaoijua siri hiyo vizuri. Humwagia sosi ya pasheni juu, mlaji akahangaika na uchachu na kusahau kwamba anatafuna.

Asiye fundi hutazama mng'ao. Fundi hutazama mtikisiko. Mzee mmoja aliyepika keki miaka mingi katika hoteli za Mombasa hakuwa akionja kwanza: aligonga ukingo wa sahani kwa kifundo cha kidole, akangoja. Panakota ikitetemeka yote, kuanzia kitako hadi juu, ilipita. Ikitikisika juu tu huku kitako kimekaza, aliirudisha jikoni, kwa sababu unga ulizama bila kuyeyuka. Isipotikisika kabisa, hakusema kitu.

Kosa huanzia kwenye kubadilisha karatasi za jelatini kuwa unga. Mapishi ya Ulaya huandika "karatasi 3", na hesabu hiyo inakubalika kwa kuwa watengenezaji wamekwisha kuirahisisha: karatasi ya shaba ina nguvu ndogo, ikapewa gramu 3.3, ya platinamu ina nguvu, ikapewa gramu 1.7. Moja hukaribia kuwa sawa na moja. Unga hauna huruma hiyo. Pakiti ya Kimarekani ni gramu 7, na anayeweka pakiti 3 badala ya karatasi 3 za dhahabu ametia gramu 21 mahali pa 6. Kwa nusu lita ya krimu, vijiko viwili vya chai vya unga wenye bloom (kipimo cha nguvu ya jelatini) 225 hivi vinatosha. Mwenye mzani asiguse kijiko.

Halafu kuna maji. Karatasi huloweshwa kwenye bakuli la maji baridi, hukamuliwa, maji yakamwagwa. Unga hunyunyizwa juu ya maji baridi yaliyopimwa, mara tano ya uzito wake, na maji hayo yote huingia kwenye chakula, kwa hiyo hupunguzwa kwenye maziwa. Anayemwaga maji juu ya unga amejitengenezea madonge.

Unga wenyewe hauna hatia. Karatasi nyingi za Ulaya hutokana na ngozi ya nguruwe, na jikoni nyingi za pwani unga wa ng'ombe ndio pekee unaoruhusiwa. Tena kabla mfanyabiashara Charles Knox hajaanza kuuza jelatini ya chembechembe mwaka 1890, akina mama wa Marekani walichemsha miguu ya ndama kutwa nzima. Anayelaza supu ya makongoro kwenye friji anaijua jeli hiyo, na ladha yake hakuna pakiti iliyowahi kuifikia.

Nanasi bichi na papai bichi viwe mbali: vimeng'enya vyake huikata jelatini isigande, na lawama zote akabebeshwa muuza unga.